Mkate Alioukanda Velika

Unga ulikuwa bado umemganda Velika kwenye kucha aliposikia kengele za kanisa la uani zikinyamaza. Akajua ibada imekwisha na mkate wake umeliwa. Alisimama katikati ya jiko la baba yake, mikono kaiacha wazi kama mtu anayesubiri kupokea mtoto, akatabasamu peke yake.

Mkate wenyewe ulikuwa mdogo, wa mviringo, wa ngano safi, una chumvi ndani na msalaba juu. Baba yake, Mtawala Stroe, alikuwa amekuja mwenyewe jikoni asubuhi ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mkewe alipofariki. Alisimama mlangoni bila kuvua koti lake la manyoya.

"Mwanangu, nikandie mkate mmoja. Leo tunakwenda kuyamaliza na Vintila."

"Wa ngano, baba?"

"Wa ngano. Utie chumvi, uchore msalaba. Ukande mwenyewe, usimwachie mtu."

Velika hakuuliza zaidi. Aliogopa kwamba akiuliza sauti itamsaliti. Binamu zake walipochumbiwa, wanaume walitangulia kukutana peke yao, mkate na chumvi vikiwa mbele yao, kisha ndipo binti alipoitwa. Na yeye sasa alikuwa akisubiri kuitwa. Katika sanduku la chumbani kwake kulikuwa na shati la bwana harusi alilolishona tangu kipindi cha theluji, kola yake imetariziwa kwa uzi mwekundu, sindano baada ya sindano, akilificha kila miguu ya baba yake iliposikika kwenye ngazi.

"Acha kuchungulia huo mlango," alisema Marga. "Hautazaa."

Marga alikuwa mlezi wake, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, aliyemnyonyesha Velika na kaka yake Udrishte pia. Alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya plamu zilizokuwa zikichemka tangu alfajiri, akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Naangalia mvua," Velika akajibu.

"Mvua gani hiyo yenye masharubu mekundu?"

"Mama Marga, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua. Kijana mwenyewe kakonda kama mshumaa wa maskini. Huko ng'ambo ya milima walikuwa wakimlisha nini, mawe?"

"Atanenepa."

"Atanenepa, ndiyo. Kwa mkono wa nani, sisemi."

Velika alicheka hadi macho yakamlowa. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu kicheko kimtoke namna ile.

Hakuna aliyetazamia jambo hili. Ukoo wa Mogoshi, ambao ni wa kina Velika, na ukoo wa Valsani, ambao ni wa Vintila, zilitoka kwa ndugu wawili wa zamani sana waliogombania kiti kimoja. Katika nchi ile mtoto wa kwanza hakuwa na haki kuliko wa mwisho. Yeyote mwenye mfupa wa ufalme mwilini mwake aliweza kukikalia kiti, na kwa sababu hiyo yeyote mwenye mfupa huo aliweza kuuawa. Babu yake Velika alikufa mikononi mwa Wavalsani. Baba yake Vintila alikufa mikononi mwa Wamogoshi, na mtoto akavushwa milima akiwa na miaka sita, amefungwa ndani ya gunia la sufu.

Alirudi akiwa mtu mzima, mwaka uliopita, kwa hati ya amani ya siku chache, kuja kumzika mama yake monasterini. Velika alikuwa pale kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yake mwenyewe. Aliona jeneza, padre, na kijana mmoja mwenye mshumaa. Hapakuwa na mwingine. Hakuna mwanamke aliyethubutu kumlilia mama wa ukoo ulioanguka, na marehemu hakuwa na binti. Desturi inasema anayefumua nywele na kulia kwa sauti kaburini ni mwanamke wa damu ya marehemu: mama, binti, dada. Mwanamume husimama kimya.

Velika alimpelekea kijana yule bakuli la ngano iliyochemshwa na asali, kama inavyotolewa kwa wafiwa. Kijana hakulipokea. Alimtazama kwa macho makavu akasema, "Kule nilikokulia sikujifunza. Niambie, dada, asiye na binti analiliwa na nani?"

Velika aliweka bakuli chini kwenye majani, akafumua msuko wake, akamlilia mama wa adui yao kwa sauti hadi watawa wakatoka nje. Baba yake alipopata habari hakumpiga. Alimwambia tu, "Umemlilia mtu asiye wako. Hukuwa na ruhusa." Lakini wakati huo Vintila alikuwa tayari ameshaingia moyoni mwake na kufunga mlango kwa ndani.

Mwaka mzima walipelekeana salamu kupitia kwa watawa. Padre mkuu alihesabu vizazi kati ya koo mbili, kidole kwa kidole, akasema damu imekwenda mbali kiasi cha kutosha, wanaweza kuoana. Vintila akarudi kwa hati nyingine ya amani, akaleta posa mwenyewe, bila silaha. Na Stroe, ambaye wote walidhani atamfukuza, alimkaribisha, akamketisha, akamwita mwanangu.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Hakuwa Vintila. Alikuwa Udrishte, kaka yake, mrefu, mabega yameinama kidogo kama kawaida yake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na doa.

"Mnaniita?" Velika aliuliza, akijifuta mikono haraka kwenye aproni.

"Bado."

"Umejikata?"

"Nimekatwa. Kidogo."

"Na nani?"

"Na padre."

Mwiko wa Marga ukasimama ndani ya sufuria.

"Udrishte, mwanangu," alisema polepole. "Na mwenzako, naye kakatwa?"

"Naye."

"Damu ikadondoshewa wapi?"

Udrishte aliitazama mikono ya dada yake, nyeupe kwa unga. "Kwenye mkate."

Marga aliuacha mwiko, akavuta kigoda. Lakini hakukikalia. Alikisukuma kwa Velika. "Kaa chini, binti yangu."

"Nikae kwa nini? Kaka, kuna nini? Wamegombana?"

"Hapana. Tumekuwa ndugu. Tumekula damu ya mmoja na mwenzake, tumeapa juu ya Injili, na padre ametusomea sala. Vintila ni ndugu yangu wa msalaba kuanzia leo. Siwezi kumwinulia mkono, wala nyumba yetu haiwezi, naye hawezi kutuinulia sisi, hadi tufe."

Velika alishusha pumzi. "Umenitisha bure. Si jambo jema hilo? Yaani mume wangu na kaka yangu..."

"Velika." Udrishte alisema jina lake kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Ndugu yangu ni nani kwako?"

Plamu zilianza kushika chini ya sufuria. Harufu ya kuungua ikapanda taratibu, na hakuna aliyeinuka kukoroga. Velika alimtazama Marga, akitafuta uso wa mtu atakayesema hapana, si hivyo, mtoto huyu anatania. Marga alikuwa amefunika mdomo wake kwa ncha ya kilemba.

"Kanisa linamhesabu kama amezaliwa tumbo moja na sisi," Udrishte akasema. "Hakuna padre atakayewafungisha ndoa. Si hapa, si kwa majirani zetu, si popote wanapojua alichokula."

"Damu ilikuwa mbali," Velika akanong'ona. "Padre mkuu alihesabu. Alisema iko mbali."

"Ilikuwa mbali."

"Na mimi nikakanda mkate."

Akamgeukia tena kaka yake.

"Baba alijua?"

"Ni baba aliyekuja kukuomba uukande."

"Na wewe?"

Udrishte hakukwepa. "Shauri lilikuwa langu."

Velika alimrukia. Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akiacha alama za unga kwenye joho lake jeusi, na kaka mtu akasimama tu, mikono chini, kama mti unaopigwa na mtoto. Velika alipochoka, Udrishte alimshika viganja.

"Umemaliza? Sasa nisikilize. Tangu juzi kuna watu wetu darajani. Hati ya amani ya Vintila inaishia pale, unajua. Baba aliwapanga yeye mwenyewe. Nilikuwa na njia mbili, dada. Nikuletee mchumba wako akiwa maiti, au nikuletee akiwa ndugu. Ya tatu nilimwomba baba kwa magoti. Hakunipa."

"Kwa nini? Amewakosea nini? Hataki kiti. Ameniambia mara ngapi hataki kiti."

"Yeye hataki. Mtoto wenu je? Mtoto wako na Vintila angekuwa na mfupa wa pande zote mbili. Wakuu wangempigia magoti akiwa bado anatambaa. Baba aliniuliza, wanao wewe watakwenda wapi siku hiyo? Akajibu mwenyewe: kaburini."

"Wanao? Wewe huna hata mke."

"Ndivyo nilivyomwambia." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Alisema nitampata."

Marga alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye kifua chake kipana. "Na kijana wa watu," alisema, "alikula tu? Hakushtuka?"

"Amekulia kwa watu wa ng'ambo. Kule hawana kiapo hiki. Padre alipomuuliza kama anakubali, alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Alidhani anakaribishwa nyumbani." Udrishte akapangusa unga kwenye joho lake. "Alikuwa anatabasamu, Velika. Alipoukata ule mkate aliniuliza kama umeukanda wewe. Nikamwambia ndiyo. Akala na makombo."

Velika akakaa kwenye kigoda hatimaye. Aliiweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Hajui hata sasa?"

"Hajui. Baba anataka kumwambia yeye, wakati wa kumuaga, mbele ya wakuu. Anataka auone uso wake. Vintila akionyesha dalili ya kujuta, baba atasema ameukana undugu. Na kiapo kilichokanwa hakimlindi mtu."

"Nitamwambia mimi."

"Ndiyo maana nimekuja. Yuko bustanini, kwenye plamu. Anakungoja akupe habari njema."

Marga aliinuka, akamfuta Velika uso kwa aproni yake mwenyewe, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta utotoni. "Nenda, mwanangu. Usikimbie. Wakikuona unakimbia watajua."

*

Vintila alikuwa ameegemea tanuri la kukaushia plamu, moshi mwembamba ukimzunguka miguuni. Alipomwona alisimama wima haraka, akapangusa koti lake, akasahau kwamba mkono wake umefungwa kitambaa, akajitonesha.

"Usinikaribie sana," alisema akicheka. "Nanuka moshi, na baba yako anatutazama kutoka dirisha la juu. Nimemwona. Acha atazame. Velika, kanikumbatia. Kanisani, mbele ya wote. Mkono uleule ulioniulia baba umenishika bega, na mimi sikutetemeka. Nilisema moyoni, kwa ajili yake nimesamehe. Najua ni dhambi kujisifu, lakini nilisamehe kweli."

"Vintila."

"Na mkate wako. Chumvi ilizidi kidogo. Usikasirike, mke hana budi kuambiwa ukweli mapema."

Velika alijaribu kuzuia uso wake usivunjike, kwa ajili ya dirisha lile la juu. Ulivunjika hata hivyo. Aligeuka, akaanza kuokota plamu kwenye chanja, moja moja, na kuzirudisha palepale.

"Nitakwambia jambo," alisema, "na wewe utaendelea kutabasamu. Niahidi. Hata kama hutaki, onyesha meno."

"Unanitisha."

"Niahidi."

Akaahidi. Naye akamwambia, kwa maneno machache, jinsi mtu anavyong'oa mwiba: kiapo kile ni cha nini, kinakataza nini, na nani wako darajani. Hakuficha kwamba shauri lilikuwa la Udrishte, wala sababu yake. Alipomaliza, Vintila alikuwa bado anatabasamu kama alivyoahidi, na Velika akatamani asingemwahidisha, maana hakuwahi kuona kitu cha kutisha kama tabasamu lile.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Vintila.

"Najua."

"Padre alisoma sala ndefu. Nilikuwa nakufikiria wewe. Nilisikia neno ndugu, ndugu, ndugu, nikasema moyoni, nimekuwa peke yangu tangu gunia lile, sasa nina ndugu." Alikitazama kitambaa cha mkononi mwake. "Mtu mzima, Velika. Nimekula kama mtoto aliyepewa peremende."

"Na mimi nilikanda. Nilikuwa naimba nikiukanda."

Upepo ulileta harufu ya sufuria iliyoungua jikoni.

"Twende," alisema Vintila ghafla, kwa sauti ya chini. "Leo hii. Si kwa daraja. Najua njia ya wachungaji, nyuma ya msitu wa misonobari. Ng'ambo ya milima hawatambui kiapo chao. Kuna kanisa la watu wengine, watatufungisha bila kuuliza."

Velika aliiona safari yote kwa mara moja: farasi wawili, theluji ya kwanza vilimani, chumba kidogo katika mji wa wageni, yeye akimkaangia mayai asubuhi. Aliiona waziwazi kiasi kwamba aliweza kusikia mafuta yakichemka. Akaiacha ipite.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaishi."

"Muda gani? Ukiondoka na mimi umekivunja wewe. Baba atatuma watu, na safari hii Udrishte hatakuwa na neno la kuwazuia. Wakikukosa mwaka huu watakupata mwaka ujao, sokoni, kanisani, kitandani. Baba yako naye alikuwa na ukuta na walinzi, Vintila. Wewe una mimi tu."

"Bora nife nikiwa nawe."

"Hayo ni maneno ya mtu ambaye hatabaki kuosha maiti."

Hakuwa amekusudia kuyasema kwa ukali ule. Vintila aliinamisha kichwa. Alipokiinua, tabasamu lilikuwa limekwisha, na Velika akageuza mwili wake ili amkinge na dirisha.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayenikataa," alisema. "Si baba yako. Si padre. Wewe."

"Ndiyo."

"Sema kwamba hunipendi. Itakuwa rahisi."

"Sitasema uongo ili wewe upate usingizi." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Nakupenda hadi nakuwa mjinga. Nakupenda, na nataka niwe naamka asubuhi nikijua kwamba mahali fulani unapumua. Hata kama unapumua mbali. Hata kama unanichukia."

"Siwezi kukuchukia. Nimekula mkate wako." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akasema, "Sitaoa, Velika."

"Utaoa."

"Sitaoa. Kwenu hapa, mtu asiyeoa akifa wanamfanyaje? Mama alinisimulia, nilidhani ni hadithi."

"Wanamvika nguo za harusi." Hakuweza kumtazama. "Wanamzika kama bwana harusi."

"Basi lile shati. Usishangae, watawa ni wambeya. Nipe nikaliweke. Ukae ukijua nitalivaa."

"Usiniombe hilo."

"Sina kingine cha kukuomba. Chochote nitakachokuomba sasa ni dhambi." Alinyoosha mkono uliofungwa kitambaa, akakumbuka dirisha, akaurudisha. "Unakumbuka swali nililokuuliza siku ya kwanza? Asiye na binti analiliwa na nani? Nilikuwa namuulizia mama. Lakini usiku ule nilipolala nilijua nilikuwa najiulizia mimi. Sina mama, sina dada, sina binti. Nilifikiri nikikuoa nitakuwa na mtu. Niambie sasa, mimi nitaliliwa na nani?"

Velika alifungua mdomo kumjibu, lakini mtumishi wa baba yake alikuwa amesimama kwenye lango la bustani, anakohoa kwa adabu. Mtawala alikuwa anamwita mgeni wake. Farasi walikuwa tayari.

*

Wakuu wote walikuwa wamejipanga uani, kofia zao ndefu zimeinuka kama uzio. Stroe alisimama kwenye ngazi. Alikuwa mzee kuliko alivyoonekana ndani ya nyumba. Vintila alisimama chini yake, kando ya farasi, kofia mkononi.

"Mwanangu Vintila," alisema Stroe, "leo nyumba yangu imepata mtoto wa pili wa kiume. Unajua maana yake?"

Watu wote walimtazama kijana usoni. Udrishte, aliyekuwa kando ya baba yake, aliacha kupumua.

"Najua, baba," alisema Vintila. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya kisima. "Dada yangu amenieleza."

Stroe hakutazamia jibu lile, na halikumpa mahali pa kushika. "Hujuti?"

"Nimekula nikiwa na njaa ya ndugu. Sijuti kushiba."

Minong'ono ya kuridhika ikapita kati ya wazee. Stroe akatikisa kichwa polepole, kisha akatazama huku na huku. "Yuko wapi Velika? Aje amuage kaka yake."

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Velika akatoka, shati jeupe limekunjwa mikononi mwake, na wote waliokuwa uani wakageuka. Marga alikuwa amesimama nyuma yake, akilia bila kuficha.

Velika alikuwa amefumua nywele zake. Msuko wote. Zilikuwa zimemwangukia mabegani na mgongoni hadi kiunoni, kama siku ya mazishi ya mama yake Vintila, na upepo ulikuwa ukizirusha usoni mwake.

"Funga nywele," baba yake akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyekufa hapa."

Velika alizishuka ngazi bila haraka. Alimpita baba yake. Alimpita Udrishte, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Alimfikia Vintila, akaliweka shati mikononi mwake, uzi mwekundu wa kola ukiwa juu ili wote waone.

"Mwaka jana ulinikemea, baba," alisema, bila kumwondolea Vintila macho. "Ulisema nimemlilia mtu asiye wangu, na sikuwa na ruhusa. Ulikuwa na haki. Leo umenipa kaka. Kaka yangu anaondoka, na kati yetu hapa hakuna ajuaye kama atarudi. Dada ana ruhusa."

Desturi ilikuwa ya Stroe, na kiapo kilikuwa chake, na mbele ya wakuu wake wote hakuwa na pa kukanyaga.

"Umeniuliza swali bustanini," Velika akamwambia Vintila, polepole, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa yao wawili tu. "Jibu lake ni mimi. Nitakulilia mimi. Popote watakapokuweka nitakuja, na hakuna atakayenifukuza kaburini. Hicho ndicho nilichopata leo. Sina kingine."

Vintila aliinama. Alimbusu kwenye paji la uso, kama kaka anavyombusu dada, na midomo yake ilikaa pale kupita kiasi cha kaka, na hakuna aliyethubutu kuona. Kisha akapanda farasi, shati ndani ya koti, upande wa moyo.

"Kwaheri, dada," alisema.

Velika alingoja hadi farasi alipolipita lango. Alingoja hadi kwato zilipogonga mbao za daraja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama, na zikasikika upande wa pili kwenye njia ya mawe. Alikuwa hai. Alikuwa anakwenda, na alikuwa hai.

Ndipo akapiga magoti katikati ya ua wa baba yake, nywele zikagusa tope, akaanza kulia kwa sauti.